Jogoo Aliyewika Katikati ya Sikinde

Kuna wimbo mmoja wa Mlimani Park, bendi ya dansi ya Dar es Salaam tuliyoiita Sikinde, ambao kwangu mimi una jogoo ndani yake. Anawika mara mbili, pale saksafoni inapoanza kujibizana na tarumbeta, halafu ananyamaza kama mtu aliyekumbuka kwamba hakualikwa. Baadaye kidogo kijiko kinagonga sufuria, mtu anakohoa, na wimbo ukiwa ndiyo kwanza unaanza kuchemka, zinaingia ngoma za Mzee Morris, zile za kufungulia taarifa ya habari redioni. Basi. Kwa zaidi ya miaka kumi niliamini wimbo huo unaishia hapo.

Siutaji jina. Nawajua mashabiki wa Sikinde na wa wapinzani wao, Msondo. Nikiutaja tu, mjadala utahamia kwenye nani aliutunga, nani aliimba sauti ya kwanza na nani alikuwa kwenye solo, na mpaka tuelewane jua litakuwa limezama. Tuuite hivyo hivyo, wimbo wenye jogoo.

Ulirekodiwa sebuleni kwetu Kilosa, kwenye kota za reli, mwanzoni mwa miaka ya 80. Baba alikuwa na redio ya National iliyovalishwa mfuko wa ngozi wenye matundu mbele. Baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam, alikuwa na kinasa sauti kidogo cha kaseti, kile chenye vitufe vilivyopangwa mstari mmoja kama meno. Waya wa kuunganisha viwili hivyo hatukuwa nao. Kwa hiyo akija likizo aliweka redio juu ya stuli, akakikabilisha kinasa sauti mbele yake, akatutazama watoto mmoja mmoja, kisha akasema, "Atakayekohoa leo, mimi na yeye." Akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, na nyumba nzima ikabana pumzi.

Lakini jogoo nani atamwambia? Alikuwa wa mama, mwekundu, mwenye kiburi, na alipenda kupita dirishani kwetu jioni kabla ya kulala. Baba mdogo alipomsikia akiwika alifumba macho kama mtu aliyechomwa sindano, ila hakuthubutu kuzima, maana hakujua redio ingeupiga tena lini wimbo ule. Idi iliyofuata jogoo tulimla na pilau. Kwenye kaseti aliendelea kuwika.

Kikohozi nacho kilikuwa cha baba mwenyewe, na kwake ile ahadi ya "mimi na yeye" haikufanya kazi.

Vijana wa sasa wakinisikia nasema "redio", wanadhani nazungumzia kitu kinachowashwa asubuhi kikaachwa kiongee peke yake mpaka usiku. Zile zilikuwa nyakati za baada ya vita vya Kagera. Betri zilikuwa adimu kama sabuni, na zilipopatikana zilitunzwa. Zikianza kuchoka, tulizitoa tukazipanga juani kwenye bati, na kweli zilipata nguvu ya nusu saa nyingine, au sisi ndio tulioamini hivyo. Redio ilifunguliwa kwa ratiba: taarifa ya habari, salamu, Pwagu na Pwaguzi ili baba acheke mpaka atoe kitambaa cha kufutia machozi, na ule muda wa muziki wa dansi jioni. Stesheni ya nyumbani ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Televisheni walikuwa nayo Zanzibar tangu miaka ya 70. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994.

Sasa nyimbo za dansi za wakati ule zilikuwa ndefu, na zilikuwa na mwili wa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ya mwimbaji. Anakuja taratibu, anakueleza shida yake: mke kaondoka, rafiki kamsaliti, ndugu wamemtenga, mshahara umeishia njiani. Magitaa yapo lakini yanamsindikiza tu, kama wazee wanaosikiliza kesi. Halafu mpiga drams anabadilisha mwendo, solo linapanda juu, wapuliza tarumbeta wanasimama, na hapo ndipo kwenye chemko. Maneno yanapungua, miguu inaanza kazi. Ukumbini sehemu hiyo ya pili inaweza kwenda hata mara mbili ya ile ya kwanza, kutegemea watu wamelowa jasho kiasi gani.

Redio haina ukumbi, ina saa ukutani. Mtangazaji angeupiga wimbo dakika chache kabla ya taarifa ya habari akijua kabisa hautafika mwisho, na saa ilipotimia aliupunguza sauti polepole, kwa heshima, ukapisha zile ngoma za Morris Nyunyusa, mzee wa Dodoma asiyeona aliyepiga ngoma kadhaa kwa wakati mmoja peke yake. Kwa hiyo kila jioni wanamuziki wawili walikutana mlangoni, mmoja anatoka mwingine anaingia, na mimi nilikua nikiamini ndivyo walivyopanga. Bendi inafika kwenye chemko, inamkaribisha Mzee Morris.

Hata waliokuwa na santuri hali haikuwa tofauti sana. Zile ndogo zilibeba dakika chache kila upande, kwa hiyo wimbo mmoja ulikatwa vipande viwili: upande wa kwanza kisa, upande wa pili chemko. Ulipaswa kuinuka, uigeuze, uweke sindano upya, na wakati huo mchezaji mwenzako amekwenda kukaa. Nchini hatukuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilirekodi studio za redio, na waliotaka santuri walielekeza macho Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika 1977 na mpaka ukafungwa mpaka 1983, njia hiyo ikawa nyembamba. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walikuwa wameshavuka zamani na Simba Wanyika yao ikawa mali ya Nairobi. Usiku, anga likiwa safi, tuliwapata kwa mbali kwenye Sauti ya Kenya, Kiswahili chetu kikirudi nyumbani kikikwaruza.

Ule wimbo wenye jogoo ulihusu mwanamume anayemwomba mkewe arudi. Mke kaenda kwao kusalimia, siku zimepita, habari hakuna. Anamkumbusha walikotoka, anakiri makosa, anataja watoto. Na pale anapokaribia kuambiwa jibu, au sisi tulipodhani anakaribia kuambiwa, ngoma za Mzee Morris.

Mimi na dada yangu tuligombana miaka kuhusu mwanamke yule. Mimi nilisema hakurudi, kwa sababu sauti ya mwimbaji ilikuwa ya mtu asiye na tumaini. Dada alisema karudi, ila kwa masharti, na masharti yenyewe alikuwa nayo kichwani yote: kitanda kipya, mama mkwe ahamie chumba cha uani, na mwanamume aache kwenda baa siku za mshahara. Akiosha vyombo alikuwa anaimba mwenyewe ubeti wa mwisho wa wimbo, aliotunga yeye, kwa sauti ile ile ya Sikinde. Mpaka leo nikiusikia ule wimbo, ubeti wa dada unakuja wenyewe.

Mama hakuwa na haja na mzozo wetu. Kwake muziki wa dansi ulikuwa ni wanaume wazima waliovaa sare wakilialia. "Hao wameoa kweli?" angeuliza. Yeye alikuwa mtu wa taarabu. Alizaliwa pwani, na alisimulia habari za Siti binti Saad kama za shangazi yake: mwanamke aliyetoka shamba akiuza vyungu, akafika mpaka Bombay 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili. Miaka ya 90, vikundi vya TOT na Muungano walipoanza kurushiana mipasho majukwaani na Khadija Kopa akawa gumzo la mji, mama alikuwa mtu mzima kabisa, lakini alizifuatilia zile vita kama watu wanavyofuatilia Simba na Yanga. Nadhani alikuwa na hoja ambayo sisi wapenzi wa dansi hatupendi kuijibu. Kwenye majukwaa yetu wanawake walikuwa wachache kupita kiasi. Tulikuwa naye Kida Waziri pale Vijana Jazz, akipokezana sauti na Hemed Maneti, na baada ya kumtaja yeye watu wengi wanaanza kukuna kichwa. Mwanamke alikuwa ndani ya wimbo, analaumiwa au anabembelezwa. Maikrofoni alishika mwanamume.

Tulichokipenda zaidi ya muziki wenyewe, niseme ukweli, ni ule ubishi wa bendi. Bendi nyingi zilikuwa za mashirika, jumuiya na majeshi. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilishwa jina na bendi nayo ikabadilishwa, ikawa Juwata, ikawa OTTU, mpaka watu wakachoka na herufi wakaiita kwa mtindo wake tu, Msondo. Mlimani Park ilianza 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, halafu 1983 ikachukuliwa na shirika la maendeleo la jiji, ndiyo hiyo DDC. Urafiki walikuwa na bendi ya kiwanda cha nguo. Bima walikuwa na yao. Polisi, Magereza, JKT, Jeshi la Wananchi, kila mmoja na yake. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa: ana mshahara, ana sare, na gitaa analopiga si lake. Akiacha kazi analiacha gitaa ukutani, anatoka na sauti yake na vidole vyake.

Ndiyo maana kuhama kwao kulikuwa habari. Muhidin Maalim Gurumo alipotoka Juwata kwenda kuanzisha Mlimani Park ilikuwa kama mchezaji kuvuka barabara ya Kariakoo kwenda upande wa pili. Hassan Rehani Bitchuka alikwenda na kurudi mara ambazo hata mashabiki wake waliacha kuhesabu. Mwaka 1985 mwenye Orchestra Safari Sound, Hugo Kisima, aliivunja bendi yake akaijenga upya kwa kumchukua Gurumo, Abel Balthazar na wenzao kutoka Mlimani Park, na mtindo mpya ukaitwa Ndekule. Baba mdogo alituandikia barua kurasa mbili kuhusu jambo hilo. Hakuuliza hali ya mtu yeyote nyumbani. Aliandika tu kwamba Sikinde imekwisha, na chini kabisa, kwa wino mwingine, kwamba amekwenda kuisikiliza juzi na haijaisha.

Na majina ya mitindo! Msondo ni ngoma ndefu ya asili. Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, na mashabiki walimalizia wenyewe, "ngoma ya ukae", yaani ya nyumbani. Vijana Jazz walikuwa na Pamba Moto. Polisi Jazz walikuwa na Vangavanga. Maquis, waliotoka Zaire wakaweka kambi White House pale Ubungo, walikuja na Kamanyola bila jasho, baadaye Ogelea piga mbizi, na watu wazima wenye vyeo ofisini walionekana usiku wakipiga mbizi juu ya sakafu ya saruji. Baba mdogo alijaribu kutufundisha hiyo ya mwisho uani kwetu. Mama alitoka jikoni, akasimama mlangoni na mwiko mkononi, akasema, "Shemeji, mtoto akivunjika mkono hospitali utampeleka wewe." Somo likaishia hapo.

Nilihamia Dar es Salaam 1991, na mwaka uliofuata nikaingia ukumbi wa DDC Kariakoo kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye kiingilio chake. Nilikuwa nimesubiri siku hiyo tangu nikiwa na miaka tisa. Nilivaa suruali ya kitambaa iliyopigwa pasi mpaka ule mstari ungeweza kukata mkate. Ukumbi ulikuwa na moshi wa mishikaki, meza zimejaa chupa, na feni juu zinazunguka bila kumsaidia mtu. Bendi walikuwa wamevaa sare. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni jinsi besi lilivyokuwa kubwa. Kwenye redio ya baba besi lilikuwa mnong'ono; pale liliingia kupitia miguu, likapanda mgongoni, nikawa najiuliza miaka yote ile lilikuwa limejificha wapi.

Kama saa sita usiku wakaupiga. Noti mbili tu za solo, nikajua. Niliacha soda yangu, nikaingia kati. Ubeti wa kwanza niliuimba wote, wa pili nao, na pale saksafoni ilipoanza kujibizana na tarumbeta nikajikuta namsubiri jogoo. Hakuwika. Nikahisi kitu kimepungua, ila nikaendelea. Mwendo ukabadilika, chemko likaanza, watu wakapiga kelele, na mimi, Mungu anisamehe, nikasimama.

Sikuamua kusimama. Miguu yenyewe ilijua kwamba sasa ni taarifa ya habari. Nilibaki katikati ya watu mia na kitu wanaocheza, mikono imening'inia, nikisikia muziki ambao sikuwahi kuusikia maishani kutoka kwenye wimbo ninaoujua kuliko jina la shule yangu. Mzee mmoja mwenye kofia, anayecheza na mkewe, akaniinamia sikioni.

"Kijana, wimbo haujaisha."

"Najua, mzee," nikamjibu. Nilikuwa namdanganya. Nilikuwa ndiyo kwanza najua.

Basi nikasikiliza. Nilitega sikio kama baba mdogo mbele ya stuli yake, kwa sababu nilikuwa na kesi ya miaka kumi ya kumaliza. Mwanamke karudi au hakurudi? Chemko lilikwenda dakika saba, nane. Magitaa matatu yalisukana mpaka hujui lipi linaongoza. Mwimbaji akarudi kwenye maikrofoni, moyo ukanidunda, akafungua mdomo, akaanza kuwataja wapiga magitaa mmoja mmoja. Halafu akamtaja mpiga tumba. Halafu akawataja mashabiki wa Ilala, mashabiki wa Temeke, na bwana mmoja mwenye gereji ambaye alikuwa ameketi meza ya mbele na muda si mrefu alikwenda kumtunza noti kwenye paji la uso. Kuhusu mwanamke yule, hakuna hata neno moja. Jibu halikuwepo. Ile nusu niliyoikosa Kilosa haikuwa na kisa chochote ndani yake, ilikuwa na jasho tu na majina ya watu.

Nilimwandikia dada usiku ule ule. Alinijibu kwa mstari mmoja: "Wao wasijue, mimi najua, karudi."

Kuna ugonjwa unaotushika watu wa rika langu. Tukikaa mahali, kijana akipita na simu inayopiga Bongo Fleva, lazima mmoja wetu aseme muziki wa zamani ulikuwa na ujumbe. Na mimi nimeshasema hivyo, tena mbele za watu. Lakini nikizirudia zile kaseti kwa haki, ujumbe mwingine ulikuwa ni kusifia shirika lililonunua magitaa. Nyingine zilikuwa mashtaka ya upande mmoja dhidi ya mke ambaye hakupewa nafasi ya kujitetea. Na magitaa yetu mengi yalikuwa yameshiba Kinshasa, yamekula kwa Franco na kwa Tabu Ley, kama magitaa ya baba zetu yalivyokula Cuba kabla ya hapo mpaka Salum Abdallah pale Morogoro akaiita bendi yake Cuban Marimba. Walikuwepo wenye jambo la kusema kweli. Marijani Rajabu, Jabali la Muziki, alikuwa anakaa chini na kusuka kisa kama mtu wa hadithi. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu aliyekuja kuwa mtu wetu kuliko wengi wetu, aliimba habari za kifo na umaskini, na kuhusu kondomu wakati ukimwi bado ukitajwa kwa kunong'ona, na kaseti zake zikazunguka mtaa kwa mtaa. Mpaka leo konda wa daladala anaita kituo "Sinza kwa Remmy", na nusu ya abiria hawajui Remmy alikuwa nani. Ila hao walikuwa wachache, kama wenye jambo la kusema walivyo wachache sasa.

Kilichokuwepo na sasa hakipo, mimi nakiona kwingine. Ilikuwa ni wingi wa watu. Ili wimbo mmoja utokee, watu kumi na zaidi walipaswa kuelewana: solo, rizimu, besi, tumba, drams, wapulizaji, waimbaji watatu wanaogawana sauti. Waligombana, wakahamana, wakarogana kwa maneno, lakini saa ya kupiga walikuwa pale, na usiku mmoja walipiga mpaka alfajiri. Tena walipiga kwa mshahara. Gurumo alipotangaza kustaafu 2013, baada ya kama nusu karne jukwaani, ilikuwa habari ya kitaifa kwamba mzee hana hata gari, na Diamond Platnumz, kijana wa muziki ule ule tunaoubeza, ndiye aliyempa moja. Aprili 2014 akafariki. Nilikuwa kwenye daladala redio ilipotangaza, na dereva, kijana asiyezidi miaka 25, akapunguza mwendo akaongeza sauti. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Wengine walitangulia mapema mno. Mbaraka Mwinshehe aliondoka Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa, hajafikisha hata miaka 35, baada ya kulipeleka gitaa la Morogoro Jazz mpaka Osaka kwenye maonyesho ya 1970. Baba alikuwa anasema siku ile treni ya abiria ilipoingia Kilosa watu walishuka wakiulizana kama ni kweli, badala ya kusalimiana. Maneti aliondoka 1990. Marijani 1995. Nikihesabu sauti zilizokuwa kwenye redio ile ya mfuko wa ngozi, zilizo hai zinanitosha vidole vya mkono mmoja.

Kaseti yenyewe ninayo bado. Ni TDK ya dakika 60, lebo imeandikwa kwa mwandiko wa baba mdogo: "Mchanganyiko – Usiguse". Utepe uliwahi kuliwa na mashine nikaunga kwa selotepu, kwa hiyo kuna mahali mwimbaji anaruka neno moja. Sina tena mashine ya kuipigia. Naitunza kwenye droo pamoja na kalamu ya Bic, maana kwa desturi vitu hivyo viwili haviachani: kalamu ndiyo iliyokuwa ikirudisha utepe nyuma ili betri zisipotee bure.

Mwezi uliopita binti yangu alinitafutia ule wimbo kwenye simu yake. Dakika moja tu, akaupata, mzima, safi, mtu kautoa kwenye utepe wa studio na kuuweka huko. Tulikaa naye barazani tukausikiliza. Sauti zilikuwa wazi mpaka nikasikia mpiga rizimu akibadilisha vidole. Ilipofika pale kwenye chemko nikajikuta nimeshasimama, naelekea ndani.

"Baba, unakwenda wapi? Bado."

Nikarudi, nikaketi. Yeye akausikiliza wote mpaka mwisho, na majina yote yale, jambo ambalo sikulitegemea kwa mtoto wa umri wake. Ulipokwisha akaniuliza, "Sasa huyo mke alirudi?"

"Muulize shangazi yako."

Akampigia pale pale, akaweka sauti kubwa. Dada yuko Tabora siku hizi, ni bibi wa wajukuu wanne. Binti akaanza kumweleza: shangazi, kuna wimbo wa zamani baba amenisikilizisha, kuna mwanamume anamwomba mkewe arudi. Hakumaliza. Dada alikuwa ameshaanza kucheka, ule mcheko wake wa kuosha vyombo.

"Subiri kwanza, mwanangu," akasema. "Huo mliosikiliza, jogoo kawika?"

Binti akanitazama. "Jogoo gani?"

"Basi siyo wenyewe," akasema dada. "Mwambie baba yako awapigie ule wenyewe."